Nyati Aliyelala Chali

Hapana, Hashimu, bandia ni kitu kingine. Ile ilikuwa pesa halali kabisa, ila ilikosewa huko ilikotengenezwa. Weye ulikuwa hospitali, Mchukwi, unamuuguza mama watoto, ukaletewa habari za vijiweni, ati Warda kaolewa kwa pesa ya bandia. Kaa nikwambie, maana miye babu yake ndiye niliyekuwa walii, baba yake Mungu amrehemu.

Warda unamjua. Tangu aanze kuuza vocha pale stendi ya Kibiti, chenji ikipita mkononi lazima aigeuzegeuze. Ana kopo lake la sarafu zenye makosa. Kanifundisha mpaka nimechoka: "Babu, iliyopigwa nyundo si kosa, hiyo imeumizwa tu. Kosa ni lile la kuzaliwa nalo." Nikamwambia basi kama miye, goti nimeumizwa, pua nimezaliwa nayo. Akacheka Warda, mke wangu yule wa utani.

Sasa Nurdini, yule mkata mikoko wa visiwani, alipoleta posa, Shekhe Abdulhalim akamuuliza binti anataka mahari gani. Sisi tunasubiri kitanda, godoro, pengine cherehani. Bibi yake, Tatu, keshapima hata pa kuweka kabati. Mtoto anasema, "Nataka sarafu moja iliyozaliwa na kosa. Aitafute mwenyewe."

Shekhe akasema mahari ni haki ya mwanamke, akitaka sarafu ni sarafu. Tatu akaninunia, utadhani miye ndiye niliyemtuma.

Kijana akahangaika. Kila mchuuzi wa samaki bandarini Nyamisati kamuomba amwage chenji yake aitazame, mpaka watu wakamuona kaingiwa na kitu. Akaipata, ya mia tano. Ile unaijua, upande huu kichwa cha mtu, upande wa pili nyati. Ishike juu na chini kwa vidole viwili, kichwa kisimame, kisha izungushe kama mlango unavyofunguka. Nyati naye atasimama. Ya Nurdini ukiizungusha, nyati yuko chali, miguu juu! Muhuri ulijizungusha mtamboni, ndivyo Warda alivyonieleza. Basi Nurdini akampigia simu Warda, akamweleza, wakafurahi wenyewe.

Siku ya ndoa akampa mjomba wake aishike, Miraji, maana ndiye msemaji wao. Akamwambia tu, "Mjomba, hii ina kosa, itunze." Kosa gani, hakusema. Na Miraji hakuuliza. Huyo kuuliza si tabia yake, tabia yake kujibu.

Wakaja. Wanawake wetu wamefunga mlango kwa kanga, wanaimba, hapiti mtu mpaka atoe cha kufungulia mlango. Miraji akajiona bwana mkubwa, akapindua mfuko, chenji yote kwenye ungo. Vigelegele!

Tumekaa mkekani, shekhe anasema, "Mahari." Miraji akatia mkono mfukoni. Mkono ukakaa humo humo. Akatia mfuko wa pili, akaambulia mia tano nyingine. Kisha akaomba udhuru, haja ndogo. Kumbe kapita nyuma ya nyumba, kwenye jiwe la kunolea visu, palipochinjwa mbuzi. Sisi tunasikia kwaru, kwaru, kwaru, tukajua wapishi. Akarudi jasho linamtoka, akaweka sarafu kwenye kisahani. Nyati hana pembe.

"Mashallah," nikasema, "kosa hili hata miye naliona." Nikampelekea Warda chumbani. Kuigusa tu, akaiachia kitandani.

"Babu, mbona ya moto?"

"Joto la mfukoni hilo."

"Mfuko gani unaunguza? Na tazama mikwaruzo, yote imekwenda upande mmoja. Hii imesuguliwa sasa hivi. Na nyati wake kasimama kama wenzake." Akainua macho, Hashimu, yamejaa machozi. "Nurdini kanidanganya. Anayenidanganya kwenye mahari, huko mbele itakuwaje? Waambie warudi kwao."

Na pilau ishaiva, harufu imejaa uani. Nikatoka na ile sarafu. Nikasema, "Bibi harusi anauliza, huyu nyati ana homa?"

Nurdini kuiona akaruka. "Hii si yangu! Mjomba!"

"Usinipigie kelele. Si ulisema ina kosa? Hii haina?"

"Kosa lenyewe lilikuwa hili?"

"Nitajuaje! Nimetia lililo wazi, kila mtu alione!"

Shekhe akakohoa. "Ile ya mwanzo iko wapi?"

Miraji akatazama mlangoni, kwa wale wanawake.

Nao walikwisha gawana, kila mmoja kafunga zake kwenye pindo la kanga. Nikawaomba wafungue. Kelele! Zikamwagwa tena kwenye ungo, Warda katoka mwenyewe na mtandio wake, jambo hatujapata kuliona, bibi harusi katikati ya wanaume anazungusha sarafu. Wazee nao wakaanza kuzungusha. Mzee Haruni akapiga ukelele, "Nimeipata! Nyati ana macho matatu!" Kumbe chuya limegandia.

Zikaisha. Hamna.

Warda akamgeukia bibi yake. "Bibi, na hicho kifundo?"

"Hiki changu," akasema Tatu. "Haki ya mlango hairudi. Huyu Miraji katulipa kwa mali ya mtu, hajafungua mlango huyu, kaingia kama panya. Atoke, apige hodi upya."

Shekhe njaa imemshika, akasema haraka haraka hoja ina uzito. Miraji akatolewa, mlango ukafungwa. Akapiga hodi, kimya. Akaambiwa aimbe. Akaimba, sauti kama mashine ya kukoboa iliyokosa mafuta. Hana hata senti, mwisho akavua saa yake, akaipitisha dirishani. Tatu akaivaa papo hapo, ndiyo akafungua kifundo.

Warda akaizungusha. Nyati chali.

Akamtazama Nurdini, akasema pole pole, "Nilikudhania vibaya."

"Ungeipokea ile ya moto," kijana akamwambia, "hapo ndipo ningeogopa."

Nikaozesha. Sauti ilinitetemeka kidogo, wakasema ni njaa, nikawaacha waseme. Masinia yakatoka, wanawake ndani, sisi huku mkekani. Miraji kasimama pembeni anaona haya, mpaka Tatu akampigia kelele kutoka ndani, "Mkwe, kaa ule! Au upigiwe hodi weye?" Tukajibana, akapenyeza goti lake kati yangu na shekhe, tukanawa, tukasema bismillahi.