Ulisema Ndiyo Mwenyewe

Siku Dorine alipozikwa, Benta alishika kipaza sauti kwa muda mrefu kuliko watu wote, na alilia vizuri. Alivaa sare ya kina mama wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani, na kila alipofuta machozi watu waliokaa chini ya hema walitikisa vichwa kwa huruma.

"Dorine alikuwa rafiki yangu," alisema. "Msichana wake Awino nilimtafutia kazi Mbita, hoteli nzuri, nikampeleka mimi mwenyewe. Yeye akachagua wanaume. Akatoroka, akaniachia aibu. Mama mtu akaanza kuugua. Sisemi zaidi. Kilichomuua Dorine mnakijua."

Awino alikuwa ameketi kwenye nyasi karibu na jiko, kando ya masufuria, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha kiti. Alikuwa amerudi Karungu juzi tu. Metrine, mnunuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, ndiye aliyemficha kati ya magunia yake na kumvusha kutoka kisiwani, ambako Benta alimpeleka badala ya Mbita. Alipofika nyumbani, mama yake alikuwa tayari mochari.

Lililomuumiza zaidi ni kwamba hakuweza kumpinga Benta moyoni. Si kweli alisema ndiyo? Alipoulizwa kama anataka kazi, aliruka kwa furaha. Alipanda boti kwa miguu yake, akacheka maji yalipomrukia usoni. Na kule kisiwani, nyuma ya baa, mlango ulipofungwa kwa nje na wanaume wakaanza kuletwa, kila alipolia Benta alimjibu kwa upole, kama anayemfundisha mtoto hesabu: "Ulisema ndiyo mwenyewe. Mdomo ni wako, mimi niliuazima?"

Tangu hapo alikuwa anayasikia maneno hayo hata usingizini.

"Lakini sina kinyongo," Benta aliendelea. "Huyu mdogo wake, Liz, leo naondoka naye. Nitamtafutia kazi, asije akaharibika kama dada yake."

Watu walipiga makofi. Begi la Liz lilikuwa tayari kando ya kiti cha Benta. Nashon, baba mdogo wao, aliyekuwa akiongoza mazishi, alipokea kipaza sauti. "Mama Benta, ukoo unashukuru."

Awino aliinuka, akamfuata. "Baba mdogo, naomba niseme."

"Hauko kwa programu."

"Ni kuhusu Liz."

"Wewe!" Nashon alifunika kipaza sauti kwa kiganja. "Mama yako amelala pale kwa sababu yako, na unataka maiki? Rudi jikoni, usitie watu aibu."

Awino alirudi nyuma. Hakwenda jikoni. Alipita kando ya hema mpaka kwenye lango la boma.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Nashon hangeweza kulizuia. Kwao, mtu anayemlilia maiti kwa maneno, akitembea kuelekea kwenye jeneza, hakatizwi. Kulia huko wanakuita dengo. Mwenye dengo anaweza kumsifu marehemu, kumlaumu, hata kumtania, na watu humpisha njia. Haombi ruhusa kwa mtu.

Awino aliweka mikono kichwani, akapaza sauti.

"Yaye mama! Nyar Kadem, binti wa Kadem, mimi Awino nimefika! Hukuningoja, mama! Sikiliza nilikotoka!"

Wanawake waligeuka, wakampisha.

"Hoteli haikuwepo, mama! Kulikuwa na mlango, unafungwa kwa nje! Niliitwa jina lisilo langu, mama! Waliletwa wanaume nisiowajua!"

"Mtoeni huyo," Nashon alisema kwenye kipaza sauti.

Bibi mmoja aliyeketi mbele aliinua fimbo yake. "Nashon, wacha. Mtu anamlilia mama yake."

Awino alifika kwenye jeneza. "Na nilipolia, mama, unajua rafiki yako aliniambia nini? Ulisema ndiyo mwenyewe! Awino, ulisema ndiyo mwenyewe!"

Pumzi ilimwishia hapo. Akainamia jeneza.

Kutoka kwa wanawake waliokuwa wakiosha sahani, sauti ikamalizia: "Mdomo ni wako, mimi niliuazima?"

Alikuwa Irine, binti wa jirani, aliyerudi kutoka Mbita mwaka uliopita akisema malaria ndiyo iliyomrudisha, na tangu hapo hakuimba kwaya tena. Alisimama na sahani yenye povu mkononi.

"Awino, na wewe alikuambia hivyo?"

"Kila siku."

"Mimi nilidhani ni mimi tu." Irine aliitupa sahani, akaja akilia kwa sauti. "Mama Dorine, sisi ni wawili! Ni wimbo mmoja anatuimbia wote!"

Awino alimshika mkono. Kumbe yale maneno hayakuwa yake. Benta alikuwa akiyagawa tu, kama manamba wa matatu anavyotaja vituo.

"Wamepanga hawa!" Benta alisimama. "Niliwasaidia, wenyewe ndio walitaka! Malaya wawili..." Akatazama huku na huku. Hakuna aliyekuwa akitikisa kichwa kwa huruma.

"Keti, Benta," yule bibi alisema. "Bado wanalia."

Chifu, aliyekuwa kati ya wageni, aliweka soda yake chini, akatoa simu, akawapigia polisi, akaenda kusimama langoni.

Liz aliinuka. Alichukua begi lake kando ya kiti cha Benta bila kumtazama, akaja kuketi chini karibu na dada yake. Nashon aliweka kipaza sauti chini. Kisha akaenda kuleta viti. Vitatu, akavibeba mwenyewe.

Wiki iliyofuata, katika kituo cha polisi cha Homa Bay, afisa wa kike aliyekuwa akiandika maelezo yao alimuuliza Awino kama alikubali kwenda.

"Nilikubali kazi ya hoteli," Awino alisema. "Hayo mengine hakuna aliyeniuliza."

"Na mimi hivyo hivyo," Irine akadakia, akivuta kiti mbele. "Andika, madam. Tuko na mengi."