Majivu kwenye Shimo la Papa Hubert

Habari hii nilipewa na Claudine mwenyewe, mwaka ule mvua ilipochelewa, tukiwa tunaanika ndakala, samaki wadogo wa ziwa, na kufukuza kunguru.

Baba yake, Papa Hubert, alikuwa fundi wa reli hapa Kalemie, wakati inchi ikiitwa Zaire. Alipopumzika kazi, akabaki na shuguli moja tu: kifua cha Claudine. Moshi wa mbabula, jiko la makaa, ukiingia jikoni, binti anakosa pumzi, anashika ukuta kama muntu anayepanda kilima. Munganga alisema aache moshi. Lakini bila moto watakula nini?

Papa Hubert alikuwa ameona jambo kwenye jalala la soko. Mvua ikinyesha, takataka zinatoa mapovu, na ukiyasogezea kiberiti yanawaka. Basi akachimba shimo nyuma ya nyumba, akalijaza maganda ya muhogo, matumbo ya samaki na maji, akapindua pipa juu yake. Mupira ukatoka kwenye pipa mpaka jikoni. Gazi, ile hewa ya mapovu, ikijaa, pipa litainuka.

Kwanza ilikuja harufu.

"Papa Hubert, unapika nini huko?" aliuliza Mama Godelieve, jirani, kitambaa puani.

"Ninapika pumzi ya Claudine, mama."

Majirani wakalalamika. Papa Évariste, shefu wa avenyu, akaja. "Mwisho wa mwezi, siku ya salongo, tunasafisha avenyu yote. Pipa lisipoinuka, shimo tunafukia."

Pipa likaanza kuinuka, kidogo kidogo. Harufu nayo ikapungua, Papa Hubert akafurahi. Kisha pipa likashuka. Akapaka mupira sabuni kutafuta tundu, hakuona. Jikoni Claudine alikuwa anakohoa.

Asubui moja Papa Hubert akatoka mapema, akamukuta Mama Godelieve ameinama na beseni, anamwaga majivu ya mbabula kuzunguka pipa, kama wamama wa huku wanavyofunika matumbo ya samaki yasinuke.

"Usinishukuru," akasema. "Miye na jirani yetu Mama Monique tunafanya hivi kila siku. Tunafunika harufu, Évariste asikufukie shimo."

Papa Hubert akakaa chini, palepale kwenye matope. "Mama, ule uozo njo kazi yenyewe. Majivu yanauzima."

"Na ulituambia?"

"Sikuwaambia."

Mama Godelieve akatazama jikoni, akasikia kikohozi. Akaweka beseni chini. "Basi tunuke."

Wakachota majivu yote. Mama Monique akaleta uchafu wa tumbo la ng'ombe toka machinjoni, wakauchanganya shimoni ili uozo uanze tena. Harufu ikarudi, mbaya kuliko ya kwanza.

Siku ya salongo Papa Évariste akafika na watu wenye majembe. Pipa lilikuwa bado chini. Mama Godelieve akasimama mbele ya shimo.

"Papa shefu, aliyelalamika ni miye. Sasa silalamiki."

"Na pua yako?"

"Pua ni yangu, nitalala nayo."

Papa Évariste akacheka, akapeleka majembe kwenye mifereji.

Mvua ikanyesha mara tatu, ndipo pipa likainuka vizuri. Claudine akafungua mupira, akawasha kiberiti: ndimi ndogo za buluu, bila moshi. Akasonga bugali mpaka mwisho bila kushika ukuta. Mama Godelieve akala nao, kitambaa shingoni, akaenda kwake kulala.

Claudine akalala. Papa Hubert akakaa mlangoni pake kama alivyozoea, akingoja kikohozi. Akasikia vyura tu. Akavua kiatu kimoja, na cha pili kikiwa bado mguuni, usingizi ukamuchukua.