Konkuru Wakati wa Eda

"Mama Asiya, utatoka na eda yako?"

Jirani yangu Léocadie aliniuliza hivyo, amesimama uani kwetu na beseni la nguo kichwani. Yeye ni Mkristo, lakini amekaa mtaa wetu wa Buyenzi miaka mingi, anajua mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi ile ya kumlilia mumewe.

Nikamwambia sijui.

Mume wangu Mohamadi, fundi wa magari, alipigwa risasi karibu na Zone Industrielle, eneo la viwanda kando ya mto, siku vijana wenye silaha walipoufunga mji kwa vizuizi. Tangu hapo nilikuwa mtu wa dirishani, na dirisha langu linatazama shule. Mimi mwenyewe nimesoma hapo mpaka darasa la sita. Enzi zetu darasa lilikuwa na watoto wake tu. Baadaye serikali ikaleta zamu mbili, hawa asubuhi, hawa mchana, maana mji ulishazidi shule zake. Halafu vita ikaleta na waliokimbia mitaa mingine. Nilikuwa nawaona wakiingia, kila mmoja na tofali lake la kukalia, na walimu wamekaukwa na sauti.

Binti yangu Asiya alikuwa la sita. Mwaka wa nyuma masomo yalikatika-katika, akaanguka konkuru, ule mtihani wa kuingia sekondari, akadubla, yaani akarudia darasa. Mwalimu Marcellin hakunificha: akikosa tena, nafasi yake anapewa mwingine. Na safari hii walipangiwa kuufanyia ng'ambo ya mto Ntahangwa, mtaa ambao watu wetu walikuwa hawakanyagi tena kwa kuogopa kuuawa. Kila mzazi ampeleke wake.

Asubuhi ya mtihani Idi, mdogo wa marehemu, akanikuta nafunga mtandio.

"Shemeji, unaenda wapi?"

"Konkuru."

"Na eda ya kaka? Batu watasema nini?"

"Watasema mujane amepeleka mutoto shule. Nilimuuliza shehe. Mchana, kwa jambo la lazima, naruhusiwa."

"Shehe atavuka daraja na we?"

"Apana, hatavuka."

"Basi aduble tena. Mi sikusoma, nimekufa njaa?"

"Unakula kwangu kila siku, utakufaje?"

Asiya akacheka kidogo, akainamia kalamu zake. Idi hakucheka. Nikamtazama. Tangu mazishi alikuwa hajakwenda upande wa mto hata mara moja. Vipuri vikihitajika kule, alimtuma mwingine, yeye akabaki kwenye gereji ya kaka yake akifuta spana ambazo zilishafutwa.

"Idi, usiweke dini mbele," nikamwambia. "Sema unaogopa. Mi pia naogopa. Nimeswali mpaka alfajiri, na woga uko palepale. Lakini mutu lazima aende na huyu mutoto, na waliobaki ni sisi."

Nikavaa kiatu kimoja. Nilikuwa nimechoka uchovu ule ambao hata kuinama ni kazi. Kiatu cha pili kilikuwa chini ya kitanda, nikapiga magoti kukipapasa, na yeye amesimama tu ananiangalia.

"Vua hicho kiatu, shemeji," akasema.

Akachukua chupa ya maji ya Asiya, akamshika mkono, akasukuma mlango, wakashika njia ya darajani.