King'ora cha Mzee Salumu

Mke wangu Salma alisema nimeoa mke wa pili, tena wa chuma. Kila jioni, nikishafunga kibanda changu cha kusuka mota zilizoungua pale Chuno, mjini Mtwara, nilikaa uani na king'ora cha kuzungusha kwa mkono, nikikipiga msasa. Majirani niliwaambia najifurahisha tu. Uongo mtupu. Mtu hajifurahishi na kitu kilichomponza kaka yake.

Mwaka sabini na mbili tuliishi kijijini, karibu na Ruvuma inapoingia baharini. Ng'ambo kulikuwa na vita, na ndege za Wareno zilikuwa zikivuka mto. Kijiji kikapewa king'ora, na baba yangu, Mzee Salumu, akapewa kazi ya kukizungusha kila aonapo ndege, ili watu wakimbilie mahandakini. Asubuhi moja ndege ikaja na mabomu, king'ora hakikulia. Kaka yangu Fadhili alikufa na miaka yake saba. Mimi nilikuwa na minne; hata sura yake siikumbuki.

Baba alipoulizwa mbele ya watu, alijibu neno moja: "Nilisinzia."

Mama akadai talaka, akanichukua tukahamia Mtwara. Baba alibaki na mikorosho yake na jina la Msinziaji. Alipokufa, mama hakwenda msibani. Mimi nilikwenda, nikamzika kwa aibu, nakiri. Chuki yenyewe sikuichuma, nilirithishwa.

Mwaka jana ghala la kijiji lilibomolewa. Mtunza ghala akanipigia simu: "Njoo uchukue king'ora cha baba yako, la sivyo kinakwenda na vyuma chakavu." Cha baba yako! Nikakifuata. Nilitaka kukisikia kikilia mara moja tu, nijue ni sauti gani hiyo iliyomshinda baba kuitoa.

Mpini haukuzunguka. Nikadhani kutu. Nikamimina mafuta ya taa, nikagonga, nikatukana. Ijumaa moja, baada ya swala, nikafanikiwa kufungua kifuniko cha nyuma. Ndani hakukuwa na kutu hata chembe. Gia na beringi zilikuwa zimeshikwa na kitu cheusi, kigumu kama lami. Nikakwangua kidogo, nikakitia kwenye moto. Ile harufu kila mtu wa kwetu anaijua: mafuta ya maganda ya korosho. Tunayapaka kwenye nguzo za nyumba mchwa wasile. Yakishaganda, hayaachii.

Basi kumbe! Mtu alikipaka king'ora mafuta akidhani anakitunza, na yakakigandisha. Baba hakusinzia. Alizungusha kikakataa.

Nililia pale uani, mtu mzima na wajukuu wangu. Kisha, mjinga mimi, hata mikono sikunawa, nikapanda bodaboda hadi Likombe kwa mama.

Mama anakaribia themanini. Nilimkuta kibarazani akipepeta mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona wahema hivyo?"

"Mama, baba hakusinzia." Nikamweleza yote kwa pumzi moja, nikangoja afurahi. Ndiyo, nilitegemea afurahi.

Ungo ukatulia mikononi mwake.

"Mafuta ya korosho," akasema.

"Ndiyo. Kuna mpumbavu alikipaka."

"Ni mimi, Hemedi."

Akaendelea akiutazama ungo:

"Nilikuwa napaka nguzo za nyumba, yakabaki kwenye kopo. Nikaona lile dude la baba yako linaliwa na chumvi, nikasema ngoja nimsaidie mwenzangu. Nikamimina mpaka ndani. Hata sikumwambia, niliona jambo dogo."

"Hukujua, mama."

Hakunisikia. Alikuwa akitazama viganja vyake.

"Siku ile mikono ya baba yako ilikuwa imechunika, inatoka damu. Nilidhani ameanguka akikimbia kujificha. Nilimtemea mate, mwanangu. Kumbe alikuwa aking'ang'ana na ule mpini."

Hapo ndipo akili iliponijia, imechelewa. Harufu ile baba naye aliijua. Na alijua nyumbani kwake kopo lilishikwa na nani.

Mama aliweka ungo chini, akaniuliza taratibu, "Kaburi lake liko upande gani wa kijiji?" Nikamwambia liko nyuma ya msikiti. Tangu siku hiyo hajaniuliza kitu kingine. Chakula anakigusa tu. Mchana kutwa anakaa amejikunja ukutani, na akiitwa haitiki.

King'ora nimeshakisafisha, kinazunguka vizuri. Sijathubutu kukiliza.

Salma ananiambia nisijilaumu, ukweli haufichiki. Mbona baba aliuficha? Alikubali kuitwa Msinziaji, alikubali kuachwa, akaubeba ukweli ule peke yake miaka ishirini na sita mpaka akaingia nao kaburini, ili tu usimfikie mama. Mimi ulinishinda kuubeba kutoka Chuno mpaka Likombe.