Bosi na Leso ya Mtoto

Mbwa wetu Bosi nilimlea mimi. Kaka yangu Katana alimleta hapa Utange akiwa hajui hata kulamba maji, nikamlisha uji kwa kidole. Alipokua, akawa analala mlangoni kwangu, kidevu juu ya ndara zangu.

Kwa hivyo mke wa kaka, Kadzo, alipokaribia kujifungua, na kaka akasema, "Akimtishia mtoto mara moja tu, namfunga kamba nampeleka kwa Jefwa akalinde mbuzi," mimi ndiye niliyekosa usingizi.

Kadzo alipojifungua, kaka alirudi kutoka hospitali na leso aliyofunikwa mtoto. Nilifunga matambara ndani yake ili Bosi aizoee harufu ya mtoto, nikalibeba lile furushi mgongoni. Nikafagia nalo, nikapika nalo. Bosi akanusa, akanguruma. Nikamkanya. Akanusa tena.

Jirani yetu Bi Mwanatabu, ambaye haingii kwetu kwa sababu ya mbwa, alisimama nje ya ua akicheka. "Kafedha, huyo wako mbona halii? Babake nani?"

Niliinamisha uso. Nikaendelea kufagia.

Kesho yake Bosi alinifuata kila nilipokwenda. Nilifurahi, mpaka nilipolaza furushi mkekani nikachukua mtungi. Zamani angenitangulia hadi bombani. Nilimwita. Alinitazama tu, akajilaza kando ya furushi.

Mtoto alipoletwa, Bosi hakubweka. Alinusa vile vinyayo, akaingia chini ya kitanda cha mtoto.

"Umemfunza vizuri," kaka alinisifu.

Nilitamani angenguruma kidogo.

Tangu hapo mlangoni kwangu pakawa patupu. Nilimwekea vichwa vya samaki. Alikula, akarudi kwa mtoto. Naye Kadzo kila akiniomba nimshike mtoto, nilisema mikono ina sabuni.

"Wifi," akaniambia jana, "unamwonea wivu mtoto au mbwa?"

"Sina wivu."

"Haya, mshike nikaoge."

Akanipakatisha kabla sijaitafuta sabuni. Mtoto alikuwa mzito kuliko furushi, na wa moto. Bosi akatoka chini ya kitanda, akamnusa, kisha akaweka kidevu juu ya mguu wangu. Nilijua amemfuata nani. Sikuusogeza mguu.

Kadzo aliporudi akanyoosha mikono, nilimwambia, "Kajipake mafuta kwanza, wifi. Amelala."

Mtoto alikuwa macho, ananitazama.