Saba Mara Munane

...na kama kweli mtoto ni bidoni, dumu la maji, aliwaza mwalimu Zacharie akiwa ubaoni na chaki mkononi, basi hili lina kifuniko, maana mwezi wa nne sasa anamimina na hakijaingia kitu, na mwenye nadharia hiyo ya bidoni, inspekta Phinées, ameketi benchi la nyuma, benchi la watoto, magoti karibu yamguse kidevu, amemuuliza msichana Joyeuse, "Saba mara munane, mama, inafanya ngapi?" na Joyeuse amesimama, anamtazama kama mtu anayetazama mvua, hajibu... "Mutoto ni bidon, mwalimu, unamimina tu pole-pole," inspekta alisema asubuhi akifungua fomu, fomu ya muhuri mpya, wa tatu tangu vita vianze, kila uasi ukiingia Beni hubadilisha muhuri kwanza, jedwali la kuzidisha wameliacha walivyolikuta, Mungu awabariki, na kwenye fomu kuna visanduku viwili tu, Anajibu, Hajibu, na asiyejibu anarudishwa darasa la kwanza, huyu wa miaka kumi na miwili, akae na vitoto visivyo na meno ya mbele, na hatakaa, Zacharie anajua, wiki haitaisha atakuwa shambani na jembe, shule imekwisha... "Tunakungoja, mama," na Kasereka ananong'ona hamsini na sita, hamsini na sita, "Weye Kasereka, ni weye nimeuliza?" darasa linacheka, Joyeuse hacheki... Maulidi, dereva wa lori mwenye watoto watatu hapa, yeye husema mtoto ni moteur, ikikataa unasukuma kwenye mteremko mpaka iwake, na Zacharie ana nadharia ya kwake, aliyoitoa hadi kwenye mkutano wa wazazi na kupigiwa makofi, ya ndizi za kasiksi, pombe ya ndizi, unazifukia shimoni, majani juu, udongo juu, kisha unazisahau, maana yeye akiwa mdogo kule Lubero alifukua siku ya pili kuchungulia kama zimeiva, akafukua tena siku ya tatu, joto lote likatoka, na pombe ya harusi ya dada yake Florentine ikawa chungu kama ganda la mti wa kinkina, mama akamwambia mbele ya wageni, "Kunywa weye wa kwanza, ni ya kwako hii"... basi usifukue, itaiva, miezi minne anajiambia hivyo, uvumilivu mtamu kweli, unakufanya ujione mtu mwema na huku hufanyi kitu... nje askari wanapita, buti nyingi, mmoja anamwita mtu kwa Lingala, "Leki, yaka awa!" mdogo wangu, njoo hapa, darasa zima linageuza shingo dirishani, ila Joyeuse, yeye hageuki, mkono wake unashuka taratibu, unafunika mdomo wa Jemima, jirani yake wa benchi, unabaki pale, haubani, haukosei mahali, mkono uliozoea... umezoea nini... umezoea mdomo wa mdogo wake, si ndivyo, baba yao alieleza siku ya kumwandikisha, na Zacharie alikuwa anatafuta kalamu, tulikimbia vita siku tisa porini mpaka Mangina, mutu asikohoe, mutoto asilie, tulitoka kumi na moja, mwalimu, tukafika kumi na moja, na yeye akauliza tarehe ya kuzaliwa... kwa hiyo yuko aliyemfundisha, bila ubao, bila chaki, somo moja tu, na huyu mtoto alifaulu, kumi na moja juu ya kumi na moja, si mtupu huyu, si mbichi, na Zacharie ndiye anayetaka mtoto asahau somo hilo kwa ajili ya hamsini na sita, na bado anaitaka hamsini na sita, anaitaka kuliko inspekta, lakini kwanza amhakikishie kwamba hapa mtu akifungua mdomo hafi mwingine, na hilo, kwa buti hizi zinavyopita, si neno la kuahidi ovyo... "Mwalimu," kalamu ya inspekta iko juu ya Hajibu, "niandike nini sasa?" "Andika anatuchunga, chef." "Kisanduku ya vile haiko." "Basi tungoje," anasema Zacharie, kwa sauti ya chini ambayo hajawahi kuitumia darasani, na inspekta, sijui kwa nini, naye anashusha ya kwake, "Tungoje nini?" na Joyeuse bado amesimama, mkono bado uko juu ya mdomo wa Jemima, na Zacharie anamtazama yeye, si dirisha, ili ajue askari watakuwa wamefika mbali kiasi gani ndipo mtu apumue...