Msalaba Juu ya Kizibo

Anselm alikuwa ameshaonja chupa sita, na mezani zilibaki nne. Mpita njia angeona ulevi tu: watu wazima wawili, Jumamosi saa tano asubuhi, wamekaa katika ukumbi wa kanisa kule Thornton Heath wanakunywa bia. Lakini ile ilikuwa kazi, kuamua shindano la bia. Funda moja, likazungushwa mdomoni, likatemwa ndooni. Kipande cha mkate mkavu, maji, kisha kalamu.

Aliyekaa naye ni Bwana Whitlock, jaji mkuu wa chama cha watengeneza bia wa nyumbani, mzee wa Kiingereza ambaye kucheka kwake kulikuwa kwa msimu. Siku hiyo alikuwa anampima Anselm kama anafaa kuwa jaji. Kila chupa ina alama thelathini: mbili za chupa na kizibo chake, nne za uangavu, nne za harufu, na ishirini nzima za ladha. Kila mmoja anaandika peke yake, karatasi kaifunika kwa mkono kama mtoto wa shule, halafu wanafunua. Wakipishana zaidi ya alama tatu, mtahiniwa anarudi nyumbani mpaka mwaka ujao. Tangu asubuhi Anselm hakuwa amepishana naye zaidi ya mbili.

Na ujaji ule aliutaka kwelikweli. Nairobi alikuwa mtu wa maabara katika kiwanda cha bia, koti jeupe, miaka kumi na minne. Mwaka sitini na nane, Wahindi, na Wagoa kama yeye, wenye pasi za Kiingereza walipoanza kunyimwa vibali vya kazi, alipanda ndege na mkewe Generosa, na London ikampa kazi ya kubeba mifuko ya barua. Miaka mitatu hakuna aliyemuuliza anajua nini. Whitlock ndiye wa kwanza.

Karani akaleta chupa ya saba. Chupa ya kahawia, haina kitu ila namba, maana sheria ndiyo hiyo: zote zifanane, na yenye alama ya kumtambulisha mwenyewe inatolewa. Anselm akaiinua kutazama kizibo. Juu ya bati palikuwa na mikwaruzo miwili midogo imepishana, kama ya ncha ya sindano.

Akaishusha chupa mezani.

Msalaba ule aliishi nao tangu aoe. Mama mkwe wake, Mombasa, hakufunika donge la unga wa mkate wala mtungi wa siki bila kuuchora kwa ukucha, ili kisiharibike. Generosa akaurithi. Huyo Generosa ambaye Nairobi alikuwa na duka la kushona, mafundi watatu chini yake, na mdomo kama wembe. London muuza nyama aliigiza usemi wake mbele ya foleni nzima, watu wakacheka, na tangu siku ile hatoki ila kwenda misa. Anselm ndiye aliyemfundisha kupika bia ya kimea, angalau apate la kufanya. Kumbe ameingia shindanoni, na hakumwambia.

"Imekwaruzwa na kifungulio," alisema Whitlock. "Tukate nusu alama, tuendelee."

Basi, njia ilikuwa nyeupe. Kunyamaza tu kungetosha. Akisema, bia ya mkewe inatoka, na yeye mwenyewe anatoka nayo.

"Usifungue," alisema Anselm. "Huo ni msalaba. Chupa ya mke wangu."

Whitlock akaweka kifungulio chini. "Ungenyamaza, nisingejua."

"Najua."

"Chupa inatoka. Na wewe siwezi kukupima leo, hata kama hukujua italetwa. Njoo mwakani." Akaisukuma chupa polepole hadi mbele yake. "Haijafunguliwa. Ichukue."

Nyumbani alimkuta Generosa jikoni na Peris, nesi Mkenya aliyepanga chumba cha juu, ambaye ndiye aliyeipeleka chupa ukumbini. Wote wawili wakaitazama chupa mkononi mwake.

"Nilimsomea sheria mimi mwenyewe," alisema Peris. "Nikamwambia, mama, usichore kitu."

"Sikuchora kitu," alisema Generosa. "Nilibariki tu." Akamgeukia mumewe. "Nani aliwaambia?"

"Mimi."

Peris akachukua kikombe chake akapanda ngazi.

"Muuza nyama alinicheka, sikushangaa," alisema Generosa. "Wewe je?"

"Ningenyamaza, ungeshinda usijue kama ni bia iliyoshinda au ni mume."

Generosa alimvutia kiti. Akaleta bilauri mbili na kipande cha mkate.

"Kaa, bwana jaji. Ulikwenda kuamua, amua. Huruma sitaki, ninayo kabati zima."

Anselm akaifungua chupa, akamimina kwa mkono mmoja usiosita, akaacha hamira iliyotuama chini ya chupa. Akaiinua bilauri kwenye mwanga. Akanusa, akaonja, akaandika kafunika kwa mkono. Alipoinua macho, mkewe naye alikuwa anaandika nyuma ya bahasha, kafunika vilevile.

Wakafunua. Yeye ishirini na mbili, Generosa ishirini.

"Umejinyima," alisema Anselm.

"Sikujinyima. Inanuka ndizi. Niliogopa baridi, nikaiweka ndoo karibu na jiko, ikaumuka kwa pupa. Hukuisikia?"

Alikuwa ameisikia. Ndiyo sababu hakuandika ishirini na tano. Akaitazama ile bahasha kwa muda.

"Jumatano chama kinakutana," alisema. "Wanatafuta waonjaji."

"Wakacheke usemi wangu?"

"Pale mezani hakuna usemi, Generosa. Kila mtu anafunika karatasi yake."

Generosa akakichukua kizibo mezani, akakipitisha kidole juu ya ule msalaba, akakitia mfukoni mwa aproni.

Jumatano, Anselm aliporudi kutoka kazini, alimkuta mkewe amekaa kwenye ngazi, koti limefungwa vifungo mpaka shingoni, kalamu mkononi.